Mapigo ya Ghafula: Bukoba na Reli ya Uganda, Mwaka 1915

1. Maji mamoja, nchi mbili

Mtu asimamaye juu ya majabali ya Nyegezi wakati wa asubuhi huiona ghuba ya Mwanza imelala kimya, na mitumbwi ya wavuvi ikirudi na samaki wa usiku. Upande wa kaskazini ghuba hufunguka, na mbele yake maji huenda hata macho yasione tena nchi kavu. Ng'ambo ya maji hayo, upande wa magharibi, uko mji wa Bukoba. Na upande wa kaskazini mashariki uko mji wa Kisumu. Mvuvi haoni mpaka wowote juu ya maji. Lakini mwaka 1914 mpaka ulikuwapo, nao ulilikata ziwa vipande viwili. Kusini, yaani Mwanza, Ukerewe na Bukoba, palikuwa chini ya Wajerumani, ambao wazee wa zamani waliwaita Wadachi. Kaskazini, yaani Kisumu, Jinja na Entebbe, palikuwa chini ya Waingereza.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza huko Ulaya katika mwaka ule, havikukawia kufika ziwani. Waingereza walikuwa na nguvu majini, kwa sababu reli yao itokayo Mombasa ilikuwa imefika Kisumu tangu mwaka 1901. Kwa reli hiyo waliweza kuleta meli zilizofunguliwa vipande vipande, wakaziunga tena ufukoni na kuzishusha majini. Wadachi hawakuwa na meli nyingi. Chombo chao mashuhuri kilikuwa kidogo, nacho kiliitwa Muansa, yaani jina la mji wa Mwanza kama walivyoliandika wao. Mwezi wa Septemba mwaka 1914 Muansa ilikutana na meli ya Waingereza, Winifred, katika ghuba ya Karungu. Winifred ikarudi nyuma kwanza, kisha ikaja tena pamoja na Kavirondo, na Muansa ikaondoka. Baada ya siku hizo Waingereza walitawala maji, na Wadachi walishika pwani yao.

Basi pakawa na hali ya kusimama. Waingereza hawakuwa na jeshi la kutosha kuiteka nchi ya Wadachi, wala Wadachi hawakuwa na watu wa kutosha kuiteka nchi ya Waingereza. Pande zote mbili zikajiuliza swali moja: Mtu asiye na nguvu za kumshinda adui yake kabisa, awezaje kumdhuru? Jibu walilolipata katika mwaka 1915 lilikuwa pigo la ghafula.

2. Pigo la ghafula ni kazi gani?

Jeshi kubwa huenda kushika nchi na kukaa ndani yake. Kikosi cha pigo la ghafula hakiendi kukaa. Huenda kimya, huvunja kitu kimoja ambacho adui hawezi kukirudisha upesi, kisha hurudi kwao kabla adui hajakusanya nguvu zake. Wazungu huita kikosi cha namna hii komando. Neno hili lilitoka kwa Makaburu wa Afrika Kusini, ambao vikosi vyao vya wakulima wapanda farasi viliwasumbua sana Waingereza katika vita vya mwaka 1899 hata 1902. Mmoja wa wakuu wa vikosi vile alikuwa Jan Smuts. Mwaka 1901 aliongoza wapanda farasi mamia machache tu akaingia nao ndani ya nchi ya Cape, iliyokuwa mikononi mwa Waingereza. Jina lake litatajwa tena mbele. Mwaka 1940, katika Vita Vikuu vya Pili, Waingereza wenyewe walilichukua neno lile la adui zao wa zamani, wakawapa askari wao wa kazi za ghafula.

Kazi hii ina mambo manne, na likikosekana moja, yale matatu hayafai kitu. La kwanza ni kuchagua: kitu gani kivunjwe? La pili ni kuijua njia, pamoja na maji na chakula cha njiani. La tatu ni kufika bila kuonekana. La nne ni kurudi. Watu wengi huwaza yale matatu na kulisahau la nne. Lakini mabaharia wa pwani husema: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtu aendapo mbali, lazima ayafikiri marejeo yake kabla hajainua mguu.

3. Mlingoti wa Bukoba

Kitu ambacho Waingereza walikichagua kilikuwa mlingoti wa chuma katika mji wa Bukoba. Mlingoti huo ulikuwa wa simu ya upepo, yaani simu ipelekayo habari bila waya. Kabla ya vita Wadachi walikuwa wamejenga vituo vitatu vya simu hii katika nchi yao: kimoja Dar es Salaam, kimoja Mwanza, na kimoja Bukoba. Kwa mtumbwi, habari ya kutoka Bukoba hata Mwanza huchukua siku. Kwa simu ya upepo huchukua dakika. Meli ya Waingereza ikionekana karibu na Bukoba, mkuu wa Mwanza angeweza kuambiwa kabla moshi wake haujapotea machoni. Tena, kando ya mto Kagera askari wa pande zote mbili walikuwa wakitazamana, na Bukoba ndiyo iliyowasaidia Wadachi wa upande ule. Kuuangusha mlingoti ni kumtia adui uziwi katika sikio moja.

Mkuu wa safari alikuwa Jemadari Stewart. Alikuwa na watu zaidi ya elfu moja: Waingereza, Wahindi, na askari Waafrika wa King's African Rifles, ambao watu waliwaita Keya. Hesabu hii ni kubwa kuliko ile ya vikosi vya usiku vya watu kumi au ishirini, lakini kazi ilikuwa ile ile: kuvuka, kuvunja, na kurudi. Miongoni mwa Waingereza walikuwamo wanaume waliozidi umri wa vita, wawindaji na wasafiri waliozoea pori. Mmoja wao alikuwa Frederick Courteney Selous, mwindaji aliyejulikana dunia nzima, naye alikuwa na umri wa miaka 63. Vijana wenye umri wa kuwa wajukuu wake walipanda milima pamoja naye.

Wakapakiwa Kisumu katika Winifred, Nyanza, Usoga, Rusinga na vyombo vingine, pamoja na bombomu na mizinga midogo ya milimani, ile ifunguliwayo vipande vipande. Kutoka Kisumu hata Bukoba ni maili zaidi ya 200 za maji matupu. Shauri lao lilikuwa kufika usiku, washuke gizani, na kupambazuke wakiwa tayari juu ya mji.

Lakini ziwa halimfichi mtu apendavyo yeye. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Juni 1915, meli zilipokaribia, walinzi wa Wadachi waliziona, na ishara za moto zikapaa. Jambo la tatu, yaani kufika bila kuonekana, likawa limeharibika. Hapo mkuu asiye na akili angesukuma mbele kwa hasira, na mkuu mwoga angegeuza meli arudi Kisumu. Stewart hakufanya hili wala lile. Alirudi nyuma kidogo, kisha alfajiri akawashusha watu wake mahali pengine, kaskazini ya mji, chini ya genge refu lililosimama kama ukuta. Wadachi hawakuweka walinzi wa kutosha pale, kwa maana waliona kuwa hakuna mtu atakayepita mahali pagumu hivyo. Askari wakapanda wakishika mizizi na mawe, wamebeba bunduki na risasi, hata wakafika juu kabla hawajazuiwa. Mara nyingi njia ngumu ni njia salama, kwa sababu adui naye huiogopa, kwa hiyo haiangalii.

Vita vikawa vya siku mbili. Siku ya kwanza Waingereza waliitwaa milima itazamayo mji, kilima kimoja baada ya kingine, kupitia migomba na mawe. Wadachi na askari wao walikuwa wachache, lakini walipigana kwa bidii na walijua kila jiwe la kujificha. Usiku Waingereza walilala juu ya milima ile kwa baridi na njaa. Siku ya pili, tarehe 23 Juni, wakateremka, wakapita katika kinamasi, wakaingia mjini. Wadachi walipoona wamezidiwa waliondoka. Mafundi wa baruti wakaenda moja kwa moja kwenye ule mlingoti, wakafunga baruti miguuni pake, wakauangusha. Wakaharibu pia ghala za vita. Siku ile ile wakaanza kurudi melini, na meli zikashika njia ya Kisumu.

4. Mji uliobaki nyuma

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa habari ya sifa tupu. Lakini mambo mengine yalitendeka Bukoba siku ile, na mtu atakaye kujua ukweli wa vita hana budi kuyasikia. Askari walipewa ruhusa ya kuchukua vitu mjini. Milango ya nyumba ikavunjwa, pombe ikapatikana, na watu waliokuwa mashujaa asubuhi wakawa wanyang'anyi jioni. Wengine walivaa nguo walizozikuta katika masanduku ya watu, wakacheza nazo njiani. Ushindi wa siku mbili ukatiwa doa kwa saa chache.

Tena, Waingereza hawakukaa. Hiyo ndiyo desturi ya pigo la ghafula, kwamba mpigaji huondoka. Meli zilipokwisha kupotea, Wadachi wakarudi Bukoba, wakaishika hata katikati ya mwaka 1916. Wakati ule wote wenyeji wa mji walikuwa mahali pao pa siku zote, maana wao hawakuwa na meli ya kuondokea. Mfanyabiashara aliyevunjiwa duka lake, amdai nani? Mhaya aliyewaonyesha wageni njia, au aliyefurahi mbele ya watu alipoona bendera ya Wadachi ikishushwa, ajifiche wapi bendera ile ipandapo tena? Vitabu vya vita huhesabu mizinga iliyotekwa na askari waliouawa. Havihesabu mitungi iliyovunjwa wala vyakula vilivyoliwa. Lakini kwa mwenye mtungi, hasara ni hasara.

5. Watu kumi na reli ya maili 580

Wadachi nao walikuwa na kitu chao cha kukichagua, na kitu hicho kilikuwa ile ile reli iliyowapa Waingereza nguvu ziwani. Kutoka Mombasa hata Kisumu ilikuwa na urefu wa yapata maili 580. Askari wa Waingereza, risasi zao, unga wao, na hata vyuma vya meli zao, vyote vilipita juu yake. Hakuna mkuu awezaye kuweka mlinzi kwenye kila taruma la reli ndefu hivyo.

Mkuu wa majeshi ya Wadachi, Paul von Lettow-Vorbeck, aliliona jambo hilo mapema. Tangu mwezi wa Agosti mwaka 1914 watu wake walikuwa wameishika Taveta, karibu na mlima Kilimanjaro. Kutoka Taveta hata reli ya Voi ni yapata maili 70. Katika mwaka 1915 alituma vikosi vidogo sana, mara nyingi watu wanane au kumi tu: Wazungu wawili watatu, askari Waafrika kadhaa, na wapagazi wa kubeba baruti, chakula na maji. Vikosi vingine vya watu ishirini au thelathini vilitumwa kuwapiga walinzi wa reli.

Adui wa kwanza wa watu hao hakuwa Mwingereza. Alikuwa nyika. Kati ya Kilimanjaro na reli iko nchi ya miiba na vumbi jekundu, isiyo na mito ila michache, nayo ni nchi ya simba. Ni nchi ile ile ya Tsavo ambako mwaka 1898 simba wawili waliwala wajenzi wa reli hata kazi ikasimama. Maji ya safari nzima yalikuwa lazima yabebwe, au yatafutwe katika mashimo ambayo mgeni hawezi kuyaona. Hapo ndipo mtu wa pori alipokuwa na thamani kuliko bunduki. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya nyika huijua yule aliyechunga na kuwinda ndani yake.

Walikwenda wakikwepa kambi za Waingereza, na sehemu kubwa ya njia waliipita usiku. Walipoifikia reli, walijilaza vichakani wakihesabu walinzi: hupita saa ngapi, hurudi baada ya muda gani. Kisha watu wawili watatu wakatambaa hata kwenye reli, wakafukua kokoto chini ya chuma, wakatia baruti, wakarudisha kokoto kama zilivyokuwa. Hata nyayo zao iliwapasa kuzifuta.

Vita vya akili vikaanza kati ya wategaji na wenye reli. Mwanzoni gari la moshi lilipokanyaga mtego, injini iliruka na kuanguka. Waingereza wakafunga mabehewa ya mchanga mbele ya injini, ili mtego ulipuke chini ya mchanga, na injini ipone. Wadachi wakabuni mtego usiolipuka kwa gurudumu la kwanza, bali huyaacha ya mbele yapite, ukapasuka chini ya yale yafuatayo. Waingereza wakaongeza walinzi, wakajenga vituo kando ya reli, wakapeleka doria mchana na usiku. Kila hila ilizaa hila nyingine, na kila hila mpya iliwagharimu wote wawili.

6. Askari aliyetoa bunduki yake

Jambo la nne, yaani kurudi, lilikuwa gumu kuliko yote katika nyika ile. Mshindo wa baruti huwaamsha walinzi wote. Wale watu kumi huanza kukimbia wakiwa wamechoka, na maji yao yamebaki kidogo. Vikosi vingine vilipotea njia. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliandika baada ya vita kwamba kiu iliwazidi watu hata wakanywa mkojo.

Na mtu akijeruhiwa je? Kumbeba majeruhi maili nyingi katika jua lile huhitaji watu wanne au zaidi wa kupokezana, na maji ambayo hayapo. Palikuwa na watu waliobebwa hivyo hata wakafika kambini, na kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ushujaa mkubwa. Lakini si wote waliobebeka.

Mkuu yule aliandika habari za askari mmoja Mwafrika aliyejeruhiwa karibu na reli. Askari huyo alijua kwamba wenzake hawawezi kumchukua. Alijua kwamba usiku ukiingia simba watakuja. Hakulia wala hakuwasihi wamngoje. Aliwapa wenzake bunduki yake na risasi zake, ili angalau hivyo visipotee, naye akabaki peke yake mwituni.

Jina la askari huyu halikuandikwa. Haijulikani kama alikuwa Msukuma, Mnyamwezi, Mmanyema au mtu wa kabila jingine. Mfalme ambaye vita vile vilikuwa vyake alikuwa mbali sana, ng'ambo ya bahari, wala hakupata kumwona askari huyu. Watu huweza kuuliza kama vita vya Wazungu vilistahili uhai wake, na swali hilo ni la haki. Lakini tendo lake halikumwelekea mfalme. Liliwaelekea wale wenzake waliosimama mbele yake, ambao walihitaji bunduki ile ili wafike kwao. Ushujaa wa mshindo husikiwa na wengi, na huandikwa. Ushujaa wa namna hii hauna mshindo, na mara nyingi hauandikwi.

7. Faida na hasara

Je, mapigo haya yalileta faida gani? Reli ya Uganda ilivunjwa mara nyingi, lakini haikufungwa. Mafundi waliitengeneza, na magari yakapita tena. Hata hivyo Wadachi walipata walichokitaka, maana watu kumi waliwalazimisha Waingereza kuweka mamia ya walinzi. Askari alindaye reli hawezi kwenda kupigana mahali pengine. Bukoba vivyo hivyo: mlingoti ulianguka na sikio moja la Wadachi likazibwa, lakini nchi haikuhama mikononi mwao.

Huko Ulaya pia habari ilikuwa ya namna hiyo. Mwezi wa Machi mwaka 1942, katika Vita Vikuu vya Pili, Waingereza zaidi ya 600 walikwenda usiku katika bandari ya Saint-Nazaire, nchi ya Ufaransa, iliyokuwa imetekwa na Wajerumani. Walikuwa na meli kuukuu, Campbeltown, iliyojazwa baruti, wakaipigisha katika lango la gudi kubwa la kutengenezea meli. Baruti ikalipuka baadaye mchana, na gudi lile halikufaa tena hata vita vikaisha. Kitu kilichaguliwa vizuri. Lakini watu 169 walikufa, na wengine zaidi ya 200 wakashikwa. Kwenda kuliwezekana, kurudi ndiko kulikowashinda wengi.

Mwisho wa mapigo ya nyika ulikuja mwaka 1916. Waingereza walimleta Smuts, yule yule mkuu wa komando wa Makaburu, awe mkuu wa majeshi yao katika Afrika Mashariki. Mtu aliyekuwa mwindwa wao zamani sasa akawa mwindaji wao. Mwezi wa Machi mwaka ule Wadachi waliondolewa Taveta, na njia ya kuiendea reli ikafungwa.

Mwezi wa Julai zamu ya Mwanza ikafika. Waingereza, wakiongozwa na Crewe, hawakuja mbele ya mji palipokuwa na ulinzi. Walishuka Kongoro, mashariki ya mji, wakaenda kwa nchi kavu. Wadachi walipoona kwamba watazungukwa, waliingia katika vyombo vyao wakakimbia kusini kwa njia ya ghuba, na njia hiyo hupita mbele ya ufuko wa Nyegezi. Mwisho wa maji wakaviacha vyombo, wakashika njia ya Tabora kwa miguu. Tarehe 14 Julai 1916 Mwanza ikawa mikononi mwa Waingereza. Hili halikuwa tena pigo la ghafula. Safari hii waliokuja walikaa, hata mwaka 1961 Tanganyika ilipopata uhuru wake.

Vita vyenyewe viliendelea kusini hata mwezi wa Novemba mwaka 1918. Selous hakuuona mwisho wake. Aliuawa tarehe 4 Januari 1917 huko Beho Beho, karibu na mto Rufiji. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao waliuawa na njaa na maradhi kuliko risasi. Mtaa wa Kariakoo katika Dar es Salaam hulichukua jina lake katika jeshi la wapagazi wa Waingereza, na kila siku watu hununua na kuuza mahali pale bila kuwakumbuka. Katika mji ule ule iko sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Sanamu ile haina jina la mtu mmoja, kwa hiyo yaweza kuwa ya yule aliyebaki mwituni karibu na reli.

Leo mtoto wa Nyegezi hutazama ghuba akaona mitumbwi na vyombo vya abiria tu. Mpaka uliolikata ziwa kwa vita umebaki katika ramani. Lakini maswali manne ya kazi ngumu hayakuisha pamoja na vita, kwa kuwa kila kazi huyauliza: Umechagua nini? Waijua njia? Utafikaje? Utarudije? Na Bukoba huongeza swali la tano: Utakapokwisha kushinda, utawatendaje wale wasio na silaha?

Maswali

1. Kwa nini Waingereza walikuwa na nguvu kuliko Wadachi juu ya ziwa?
2. Taja mambo manne ya pigo la ghafula. Ni lipi lililoharibika usiku wa kuamkia tarehe 22 Juni 1915, na Stewart alifanya nini?
3. Eleza jinsi Waingereza walivyozilinda injini zao, na jinsi Wadachi walivyoijibu hila hiyo.
4. Wenyeji wa Bukoba walipata hasara gani baada ya meli kuondoka?
5. Yule askari aliwapa wenzake nini, na kwa sababu gani? Mwulize mzee wa kijijini kwenu kama alisikia habari za wapagazi wa vita vile, ukaziandike.